Fedha ya Kupaka Vyungu

Kijijini kwetu, nje kidogo ya Tamale, hakuna aliyefinyanga vyungu vya kuchujia maji kama Sanatu. Udongo aliuchanganya na makapi ya mpunga. Makapi yakiungua tanurini huacha vitundu vidogo mno, na maji ya bwawa, mekundu kama chai, hupenya humo polepole na kutoka meupe. Lakini meupe si lazima yawe salama. Ndiyo maana chungu hupakwa maji ya fedha, fedha ileile ya vipuli na bangili, ikiwa imemeguka ndani ya maji vipande vidogo visivyoonekana. Ndiyo inayoua vijidudu.

Maji hayo yalikuwa yakiletwa kutoka Accra. Mwaka ule yakakatika, vyungu vikarundikana ukutani, na watu wakarudi kunywa maji ya bwawa vivi hivi.

"Nitayatengeneza mwenyewe, hapa hapa nyumbani," Sanatu akatangaza.

Mke mwenzake, Memunatu, alikuwa akisonga tuo zaafi, ugali wetu wa mahindi. Akacheka mpaka mwiko ukasimama. "Wewe? Uliyeunguza redio ya mume wetu kwa kubandika betri kinyume?"

"Sasa najua upande wa kubandika!"

Mara ya kwanza alinyoosha bangili kuukuu ikawa nyaya mbili, akazitumbukiza kwenye maji ya kunywa ya pakiti, akaziunganisha na betri. Maji yakachafuka yakawa kama maziwa, kisha yakapata rangi ya kijani.

"Hongera," Memunatu akasema. "Umepika uji wa mlenda."

Sanatu akampigia simu Azara, mwalimu aliyemfundisha kutengeneza vyungu hivyo. Azara akacheka pia, ila kwa upole. "Bangili ina shaba, dada yangu. Na hayo maji yana chumvi hata kama ulimi hauionji. Tafuta fedha tupu, na maji ya mvuke, yale ya kuongezea betri za magari. Kosea popote, lakini si hapo."

Siku ya soko wakaenda mjini wote wawili. Memunatu alisema anafuata dawadawa tu, kiungo cha mchuzi, lakini alitangulia mbele akipasua njia kwa viwiko.

Kwa sonara, mzee Yamusah, Sanatu akasema, "Baba, nataka fedha."

"Nani hataki fedha, binti yangu?"

"Ya waya! Isiyochanganywa na kitu."

Mzee akamkazia macho. "Unataka kuinywa? Wako wanaoinywa wakidhani ni dawa ya kila ugonjwa. Siwauzii."

"Si ya kunywa, baba. Ni ya kupaka chungu."

Akamweleza yote. Kisha akavua bangili za marehemu mama yake, akaziweka mezani, asitazame. Mzee akazisugua kwenye jiwe, akatikisa kichwa. "Hizi zina shaba. Vaa. Utanilipa vyungu vikiuzwa." Sanatu akazivaa upesi kama mtu aliyeponea chupuchupu, isijulikane ni kwa furaha au kwa aibu. Mzee akatoa kipande cheupe, akakiyeyusha, akakivuta kwa koleo kwenye bamba lenye matundu, tundu hadi tundu dogo zaidi, mpaka ukatoka waya mwembamba unaong'aa. Memunatu alikuwa amesahau kufumba mdomo.

Kwa muuza betri za magari kulizuka ugomvi.

"Hiki nini?" Sanatu akauliza.

"Maji ya betri, mama."

"Ya kuongezea au yale makali yanayotoboa nguo?"

"Yote ni maji tu!"

"Basi mimina kwenye shati lako tuone!" Memunatu akadakia.

Muuzaji akarudisha lile dumu haraka na kuleta jingine, limefungwa bado, limeandikwa kuwa ni maji ya mvuke matupu. Chupa ya kioo yenye mdomo mpana waliipata kwa muuza mayonezi.

Nyumbani, Sanatu akaisuuza chupa kwa maji yaleyale ya dumu, akaijaza, akaukata waya vipande viwili na kuvitumbukiza, akavitenganisha kwa kipande cha mti visigusane, akaunganisha betri. Tukangoja, watu wa nyumba nzima. Ukungu mwembamba ukaanza kushuka kwenye waya mmoja. Baadaye maji yakapata rangi hafifu ya dhahabu. Sanatu akawasha tochi kando ya chupa, na mwanga ukasimama ndani ya maji kama kamba iliyovutwa.

"Fedha imo!" akapiga kelele. "Memuna, imo!"

Memunatu akapiga kigelegele, majirani wakadhani kuna mtoto amezaliwa.

Walipaka vyungu pamoja, ndani na nje. Azara alichukua maji yaliyochujwa akayapima pamoja na ya bwawa. Sahani aliyotonea maji ya bwawa iliota madoa ya vijidudu kila mahali. Ya chungu ilibaki tupu. Alipowapigia kuwaambia, Memunatu akampokonya Sanatu simu.

"Tumekusikia, mwalimu!" akasema. "Na chungu cha kwanza ni changu. Asije mtu akabisha."

Sanatu akakibeba mwenyewe mpaka chumbani kwa mwenzake.