Mikono Mitupu ya Mama Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilisoma nikiangalia sakafu. Kazi yenyewe ilikuwa kuwasomea akina mama wa kikundi cha viondo, vile vikapu vya katani, huko Kanyangi wakati wanafuma, kwa sababu mfumaji hawezi kushika kitabu. Walikutana kwenye veranda ya kanisa. Mwenyekiti alinichagua kwa kuwa nilikuwa nimemaliza darasa la nane na sikuwa mtu wa maneno mengi.

"Kijana, sisi hatuko huko chini," alisema. "Inua sauti."

"Mwache," Mweka Hazina akadakia. "Leo anasomea siafu."

Walicheka mpaka nami nikacheka. Malipo yangu yalikuwa sahani ya muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Sikuwahi kuona ni kidogo.

Nilianza na magazeti ya zamani na vitabu vya kuazima. Vilipoisha, niliwaambia kwa aibu kwamba nina hadithi yangu. Mimi huandika polepole, kwa hiyo nilisoma kipande kidogo kila walipokutana, nao wakanifundisha kazi bila kujua. Kiondo huanzia kitakoni, lile duara dogo la chini. Kitako kikienda upande, mfumaji hafichi kosa kwa rangi huko juu. Anafumua.

Hadithi ilihusu mke mchanga na mama mkwe mkali. Nilitaka huyo mama achukiwe. Nikamweka mlangoni, amekaa tu, mikono mitupu, akimtazama mkaza mwana wake akipandisha maji kutoka mtoni. Nilipofika hapo, vidole vyote vilisimama.

"Nani amemfia?" Mwenyekiti akauliza.

"Hakuna, Mama. Ni mvivu tu."

"Mvivu!" Mweka Hazina alisema. "Hapa hata mwenye homa anasokota katani. Mwanamke hawezi kukaa hivyo kama hakuna kitu kimemvunja."

Hakuna aliyemwangalia Mama Mwende, aliyekuwa mwisho wa benchi. Tangu azike mwanawe wa kiume alikuja kila mkutano, lakini hakugusa katani. Nilikuwa nimezoea kumwona hivyo hata nikaacha kumwona. Aliinuka, akajifunga leso vizuri, akaenda zake.

Mwenyekiti hakunigombeza. "Hadithi ndiyo kitu pekee kilikuwa kinamtoa nyumbani," alisema. "Sasa utafanya nini?"

Asubuhi iliyofuata nilienda kwake. Alikuwa amekaa mlangoni.

"Mama, sikujua mama mkwe wa hadithi yangu amefiwa," nilisema. "Nisaidie. Akikaa pale anawaza nini juu ya yule msichana?"

Alinisogezea kigoda.

"Hamwazi msichana," alisema. "Anasikiliza maji yakigonga ndani ya mtungi. Zamani mtoto wake ndiye alikuwa anachota."

Nilifumua hadithi yote mpaka kitakoni. Mama Mwende akarudi kwenye benchi, na kila sehemu ya yule mama nilimsomea yeye kwanza. Mwishoni nilikuwa nimemfanya mama mkwe achukue katani aanze kufuma, nikidhani nimewapa wote zawadi. Mama Mwende akatikisa kichwa.

"Bado. Mwondolee hiyo katani."

Nikaiondoa. Hadithi ikaisha mama yule amekaa pale pale, ila sasa mkaza mwana ametua mtungi na kukaa kando yake. Nilipomaliza kusoma, Mama Mwende akasema, "Soma tena mwanzo."

Nimestaafu kazi hiyo nikiwa bado kijana. Siku hizi nauza dukani katika mji wa Salama, kando ya barabara kuu, na msichana mwingine anawasomea. Mteja akinifokea, najikuta nikijiuliza ametoka kusikia nini. Hilo sikulipata darasani. Nilipewa pale verandani, pamoja na muthokoi, na nawashukuru wale mama mpaka leo.

Juzi Mama Mwende alishuka basi hapa akielekea kwa dada yake. Mkononi alikuwa na kitako cha kiondo, kidogo kama kifuniko cha soda. Nilitoka nyuma ya kaunta mbio.

"Mama! Sasa nirudi nibadilishe ule mwisho?"

"Yule mwache alivyo," akasema, vidole vikiendelea kufuma. "Yeye bado. Ni mimi nimesonga mbele."