Mama Chancelle wa Bigo na Njia ya Nyuma

Kwenye kona ya avenue yetu, mtaa wa Bigo mjini Bunia, leo kijana anauza vocha za simu chini ya mwavuli mwekundu. Mimi kila nikipita bado natafuta sufuria ya chai. Pétronille aliiweka hapo, juu ya moto wa makala, miaka ile nyumba zilikuwa chache, ng'ombe wakishuka kunywa maji bila kugusa ukuta wa mtu. Chai yake ilikuwa ya maziwa na tangawizi, tamu kuliko inavyofaa. Alikopesha watu wachache sana. Mimi sikuwa mmoja wao.

Wote tulimwita Mama Chancelle, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Alifika na mume wake, Vahwere, kutoka Butembo, wamekaa juu ya lori la vitunguu. Vahwere akaanza kuuza vitenge sokoni, yeye akaanza chai. Walinunua parcelle, kiwanja chao, mwisho kabisa wa avenue, mahali ambapo watu walisema ni porini. Jioni ungemkuta Vahwere amekaa mbele ya nyumba na redio yake, sauti imefunguliwa mpaka mwisho ili na majirani wasikie habari, na harufu ya mahindi ya kuchoma inapanda kutoka bondeni. Mimi nilikuwa napita na mbao za watu kichwani. Vahwere alikuwa ananiita, "Weye wa mbao, kuja kwanza usikie!" Nilikuwa nasimama na mzigo, nasikiliza, kisha naenda. Sijui kwa nini nakumbuka hilo kuliko biashara nyingi kubwa nilizofanya baadaye.

Inafaa nieleze mahali palivyokaa, kwa sababu mambo yote yametoka hapo. Barabara iko juu, kwenye mgongo wa kilima. Parcelle ya Mama Chancelle inaanzia barabarani na kushuka nyuma. Upande mmoja kuna korongo ambalo mvua imelichimba, na kila mwaka linakula kidogo. Upande wa pili ni kwa Antoine, mtu wa Mahagi, anayetengeneza pikipiki zinazotoka mpakani mwa Uganda. Nyuma, mteremko unakwenda mpaka chemchemi. Kwa hiyo mtu aliyeko nyuma akitaka kupanda barabarani, au aliyeko mbele akitaka kushuka kwenye maji, ama apite kwa Mama Chancelle, ama azunguke mbali sana, kule kwenye daraja la miti.

Zamani hilo halikumsumbua mtu. Nyuma kulikuwa na mihogo na mikaratusi tu. Halafu mji ukajaa. Watu wa Irumu walikuja, mmoja wao mwalimu aliyejenga ng'ambo ya korongo. Watu wa Mahagi walikuja na mafundi wao. Watu wa Butembo na Beni walikuja na maduka. Kisha wakaja wa Djugu, na hao hawakuja kutafuta biashara, walikimbia vita. Walikuja na magodoro kichwani na kuku ndani ya vikapu, wakiacha nyuma mashamba ya maharagwe ambayo sisi huku tulikuwa tunakula mavuno yake. Kwanza walilala kwa ndugu, wakajaa kwa ndugu, wakapanga vyumba vya udongo kule kwenye mteremko. Ukiniuliza leo Bigo ni ya nani, nitakuambia ya kila mtu aliyefika akiwa amechoka.

Njia ya kupita kwa Mama Chancelle ilifunguliwa siku Vahwere alipokufa. Watu wa nyuma, wengi wao wageni waliomjua kwa redio tu, walitaka kuleta kuni, maji na viti vya matanga. Ua wa miti ukawazuia. Wakachukua panga wakakata, wakapita. Walikaa na mjane mpaka matanga yakaisha, wanaume wakilala nje chini ya turubai, wanawake wakipika sombe ya majani ya mihogo kwa zamu. Watu walipotawanyika, kaka wa marehemu alileta miche ya kuziba pengo.

"Acha," Mama Chancelle akamwambia.

"Utaacha batu bapite mu parcelle yako kama sokoni?"

"Balikata juu ya kuja kulia na miye. Nitafunga namna gani?"

Kaka akarudi Butembo na miche yake. Tangu hapo watu wakapita, kando ya miti ya mupaka wa Antoine: bidon za maji, madaftari ya shule, magunia ya makala, bibi harusi mmoja ameinua gauni kwa sababu ya matope. Mama Chancelle alikaa mlangoni akiwasalimu. Alijua nani anaumwa, nani amejifungua, nani hajapita tangu juzi.

Chancelle, yeye, aliondoka. Alikimbilia Uganda na mume wake wakati wa taabu, wakakaa kambini, kutoka hapo wakapelekwa Amerika. Leo wana nyumba kwenye kitongoji fulani nje ya mji, jimbo la Ohio. Goti la mama lilipoanza kukataa mteremko, Chancelle akatafuta karatasi za safari mpaka zikatoka. Mama aende, na parcelle iuzwe, kwa sababu Bunia ukiacha kiwanja bila mtu utarudi ukute mwenzako amepandisha mabati.

Mimi wakati huo nilikuwa nauza saruji na nilihitaji mahali pa depo. Nikaenda. Nilimkuta na simu mkononi, sauti imefunguliwa, Chancelle yuko upande wa pili.

"Kaa, Papa Fiacre," akaniambia. Fiacre ni mtoto wangu wa kwanza. "Niko namuuliza juu ya fasi, pahali anataka kunipeleka. Chancelle, endelea. Ukitoka mulango unaona nini?"

"Majani, mama. Majani mafupi, mbele ya kila nyumba."

"Mbuzi ya nani inayakula?"

"Akuna mbuzi. Banakata na mashine, banatupa."

"Banatupa!" Akaniangalia kama shahidi wake. "Na jirani?"

"Kuume ni mama moja muzungu, bwana yake alikufa, iko na mbwa. Kushoto ni batu ya Mexique. Mbele ni Muhindi, daktari. Na barabara ya tatu kuna famille moja ya Uvira."

"Uvira! Hao ni bandugu. Munapitia wapi kwenda kubaona?"

"Tunapanda motokari."

"Barabara ya tatu, munapanda motokari?"

"Mama, akuna pa kupita! Barabara inazunguka, inarudi, inaishia ku mulango ya mutu. Katikati ni lupango tupu, ua na ua."

Mama Chancelle akasogeza simu karibu na mdomo.

"Na mutu akifiwa?" akauliza.

"Kuna nyumba ya hiyo kazi. Batu banakuya, banakaa kidogo, banarudi ku kazi."

"Banarudi ku kazi," mama akarudia polepole. Kisha akanigeukia. "Haya, Papa Fiacre, weye umekuja kufanya nini?"

Tulipatana bei kwa siku nyingi. Nimenunua kwa Wahindi wa Kampala, kwa Wachina wa mbao, kwa masista, na nasema wazi hakuna aliyenichosha kama yule mama. Alibishana juu ya mlango wa choo, kama ni wa parcelle au ni wake. Alibishana juu ya mti wa parachichi kwa sababu ulikuwa na maua, na maua ni matunda. Mimi nikamwambia maua si matunda mpaka mvua ya mawe ipite. Tulicheka, tukanywa chai, tukaanza tena. Mwisho akauliza lile lililokuwa moyoni mwake tangu siku ya kwanza.

"Na njia? Utaifanya nini?"

"Nitajenga ukuta mpaka ku miti ya Antoine. Saruji ikikaa kando ya njia ya batu, asubuhi nitakuta mifuko imetembea."

"Hata nikikuomba?"

"Ukiniomba leo nitasema ndiyo, kwa sababu nataka parcelle. Kesho weye uko Ohio, na mimi niko na saruji. Sitaki kukudanganya, Mama Chancelle."

"Angalau weye unasema mu macho," akasema. Akanimiminia chai nyingine, na hakutaja njia tena. Nikaona jambo limekwisha.

Kwenye avenue yetu kiwanja hakiuzwi mezani. Shefu wa avenue huita majirani wenye mipaka. Kila mmoja husimama pale chake kinapoishia, na muuzaji huzunguka akisimama mbele ya mmoja mmoja, karibu, kiasi cha kushikana mkono. Pale wanaposimama uso kwa uso ndipo mupaka ulipo. Mnunuzi anafuata nyuma akitazama, na anasema neno lake mwishoni, mbele ya wote. Baada ya hapo ukilalamika, utalalamika peke yako. Wapangaji hawaitwi, kwa kuwa hawana mupaka.

Siku hiyo shefu wetu, Nathanaël, alivaa koti. Tukaanza upande wa korongo, mwalimu wa Irumu akapiga kelele kutoka ng'ambo kwamba chake kinaishia kwenye ukingo, tukakubali. Nyuma pia hapakuwa na shida. Tukafika upande wa Antoine. Antoine alikuwa amesimama kwenye miti ya mupaka, mikono ina mafuta ya pikipiki, anasubiri. Mama Chancelle akaenda na fimbo yake, akafika kabla ya njia, akasimama. Njia nzima ikabaki kati yake na Antoine.

"Sogea, mama," shefu akasema.

"Nimefika."

"Antoine iko kule."

"Namuona. Kinachouma ni goti, si macho."

Watu wakacheka. Wa nyuma walikuwa wamekuja kutazama, wamejipanga mbali kidogo kama watu wasiohusika. Hakuna aliyekuwa akibeba kitu siku hiyo, ila Geneviève, mwanamke wa Djugu aliyekuwa na mashamba yake na sasa analima ya wengine kwa kibarua. Yeye alikuwa anatoka majini.

"Sasa hii ya katikati ni ya nani?" shefu akauliza.

"Geneviève," Mama Chancelle akaita, "tua bidon. Kuja usimame hapa."

"Miye? Miye ni locataire, mama. Sina mupaka."

"Leo uko nao. Simama."

Geneviève akatua bidon. Akaingia njiani taratibu, akasimama katikati, hajui aweke wapi mikono. Akatazama chini. Wengine wa nyuma wakasogea karibu, hata watoto.

Shefu alikuwa amekasirika, maana hakuwa na desturi ya jambo kama lile. "Antoine, njia hii ni yako?"

"Nikisema ni yangu nitaifunga," Antoine akajibu. "Nikiifunga, bibi yangu atapitia wapi kwenda maji? Atanifunga mimi. Yangu inaishia ku miti, shefu. Andika hivyo mu kichwa yako."

Watu wakacheka tena, safari hii kwa nguvu, na shefu mwenyewe akashindwa kuzuia tabasamu. Halafu wote wakanigeukia. Ilikuwa zamu yangu.

Mimi nilijua, shefu alijua, Antoine alijua kwamba mupaka wa kweli ni ile miti. Ningeweza kusema hivyo, na ningekuwa nasema ukweli. Nilimtazama mama.

"Mama Chancelle, unakata mali yako mbele ya batu. Bei itashuka."

"Ishuke."

Huyu ndiye aliyebishana nami siku nzima juu ya maua ya parachichi.

"Itashuka sana. Depo inakuwa nyembamba, lori haliwezi kugeuka."

"Papa Fiacre, ishuke. Chancelle nitamwambia miye. Kwake akuna pa kupita, na siwezi kwenda kuongeza fasi ingine ya vile huku. Kamba ipite hapa niko."

Alisema bila kupaza sauti, akiwa ameegemea fimbo. Hakuondoka. Nadhani kama ningekataa angekaa pale mpaka ndege yake imwache.

Nikapiga hesabu palepale, haraka, kama ninavyofanya kila kitu. Lori linaweza kuingia kinyumenyume. Na mtu anayetaka kulala na saruji yake Bigo hawezi kuanza kwa kuwafungia watu maji. Hiyo ndiyo sababu yangu. Watu wa avenue wanatafuta nyingine, waendelee kutafuta.

"Sawa," nikasema.

Shefu akachukua panga akakwaruza ardhi mbele ya viatu vya mama, akaendelea na mstari mpaka nyuma. Geneviève bado alikuwa amesimama, mpaka mtu akamwambia, "Basi, mama, imeisha, beba maji yako."

Asubuhi iliyofuata Fabien, fundi wangu wa matofali, alikuja na vigingi na kamba. Mama Chancelle alikuwa na siku chache bado kabla ya safari, hivyo alitoa kiti nje, akakaa kusimamia ukuta usiokuwa wake.

"Fundi, hiyo kamba imelalia batu."

"Iko sawa, mama."

"Imelala. Angalia kule chini."

Fabien akanitazama kuomba msaada. Nikamwambia apime tena. Akapima. Ilikuwa imeingia njiani kidogo, upana wa mkono.

"Shika ncha ile, Papa Fiacre," mama akaniamuru. "Weye uko na nguvu. Vuta kwako, ndani ya parcelle yako."

Nikashika. Watu walikuwa wameanza kupanda na kushuka, kila mmoja akisema "pardon" na kunikwepa, kwa kuwa nimejaza njia yao na tumbo langu.

"Vuta tena kidogo."

Nikavuta.