Spika Ndogo za Mchimbaji

Mnisamehe, kisa hiki nitakiharibu. Kinataka msimuliaji mpole, na mimi hata kanisani nanong'ona kwa kelele.

Nilikuwa kwenye duka la redio Geita mjini. Akaingia mchimbaji wa makamo, vumbi la machimbo ya dhahabu ya Rwamgasa bado liko kwenye nyusi, akaomba kujaribu spika mbili ndogo zenye bei ya pikipiki.

"Baba, chukua hizi kubwa, zinatikisa bati," muuzaji akamshauri.

"Naishi peke yangu. Nimtikise nani?"

Akaunganisha simu yake, akafungulia ujumbe wa sauti. Ilikuwa sauti ya binti yake aliyeolewa Chato: "Shikamoo baba. Umekula?" Kwenye spika kubwa ilikuwa ngurumo tupu. Kwenye zile ndogo, binti alikuwa kama amesimama pale katikati, hata pumzi unaisikia. Baba akanyoosha mkono kama anayetaka kumshika kichwani.

"Marahaba mwanangu. Nimekula." Akalipa bila kuomba kupunguziwa.

Nikacheka, halafu nikataka kujaribu na mimi. Nikapekua simu nzima kutafuta ujumbe wa sauti wa mtu yeyote. Jumbe zote nilikuwa nimezituma mimi, na ndefu kiasi kwamba hata mimi sikuweza kuzisikiliza hadi mwisho.