Dabaso Nina Mke, Marekani Sina

"Sanga, mwaka huu tuandikwe pamoja au kila mtu kivyake?"

Swali hilo niliulizwa na mke wangu nikiwa bafuni, povu la sabuni kichwani, ndoo katikati ya miguu.

Nikadhani nimeachwa.

Haki ya Mungu, nikadhani nimeachwa. Maana mtu anayetaka kukuacha huchagua wakati ambao huwezi kumkimbilia.

Kwa wasionijua, mimi ni Sanga, mzee wa miaka sitini na tisa, mwenyeji wa Dabaso. Nilistaafu kazi ya hoteli kule Watamu, nikajenga vyumba viwili vya kupangisha wageni wanaokuja kutazama ndege wa hori la Mida.

Mke wangu ni Lynn. Mmarekani, mwalimu mstaafu, mtu wa Ohio. Alikuja kutazama ndege, akaishia kunitazama mimi. Huu ni mwaka wa tatu tangu tuoane.

Na Kiswahili anakijua. Usije ukamsengenya mbele yake ukidhani umejificha.

Basi nikajimwagia maji haraka haraka, nikatoka na taulo.

"Tuandikwe wapi, mama?"

"Kwenye kodi ya kwetu."

Ohoo! Nikapumua.

Akanieleza. Kumbe Mmarekani hata akihamia mwezini, kila mwaka lazima aiambie serikali yake amepata nini. Na kama ameolewa na mgeni, mtu asiye wa kule, kuna kuchagua.

Njia ya kwanza, kila mtu kivyake. Yeye aandike vyake, mimi nisiwemo. Lakini hapo kodi inapanda.

Njia ya pili, pamoja. Mimi nikubali kuhesabiwa kama mkaazi wa kule, nafuu ya kodi iwe ya watu wawili. Ila kila ninachopata, hata kama nimekipatia hapa hapa Dabaso, nacho kiandikwe.

"Sasa hapo pana cha kuuliza?" nikasema. "Pamoja! Mimi na wewe tunalala kitanda kimoja."

Lynn hakucheka.

"Nimezipigia hesabu zote mbili, Sanga. Zote mbaya. Pensheni yangu haitoshi. Kama mambo ni haya, mwezi wa nane itabidi nirudi Ohio nikafundishe. Mwaka mmoja. Labda miwili."

Taulo nusura linidondoke.

Katika umri wangu, mwaka si kitu cha kumwazima mtu. Leo upo, kesho watu wanakula pilau lako.

"Hiyo ya pamoja inakuwaje mbaya?"

"Kwa sababu wewe, mume wangu, una mali nyingi."

Hapa ndipo nilipokosea, na nakuomba unisikilize vizuri.

Mtu mwenye akili angeuliza, "Mali gani?"

Mimi nikanyamaza. Nikavimba kidogo, hata. Nani asiyependa kuambiwa na mke wake kwamba ana mali? Nikajisemea, labda kule kwao vyumba viwili ni utajiri.

Nikavaa shati, nikatoka.

Kwetu sisi, ndoa ikiingia mchanga hukai na mkeo kukodoleana macho. Unampelekea mshenga. Yeye ndiye aliyekwenda kukuombea mke, na mke akitaka kuondoka, yeye ndiye wa kuzungumza.

Mshenga wangu ni Kaingu, fundi wa kuezeka makuti. Sauti yake haihitaji spika. Akiwa juu ya paa Dabaso, wa Gede wanajua leo anamdai nani.

"Kaingu, shuka. Lynn anataka kurudi kwao."

"Umempiga?"

"Aka! Mimi?"

"Umeongeza mke?"

"Kaingu, ni kodi."

"Kodi ya nyumba? Si unaishi kwako?"

"Kodi ya serikali. Ya Marekani."

Akashuka ngazi polepole, akanitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa anayeficha ugonjwa.

"Mzee, kodi haivunji ndoa. Hapa pana jambo. Tuitishe kikao na wakwe zako."

Hebu niwaeleze. Lynn hana ndugu huku. Nilipotaka kumuoa, wazee walisema mwanamke hawezi kuolewa kama jiwe lililookotwa pwani. Lazima awe na kwao. Basi akapewa mama.

Mama aliyepewa ni Kadzo, anayeuza viazi karai pale njia panda ya kuingia Watamu.

Kadzo ana miaka arobaini na sita. Mwanawe, yaani mke wangu, ana sitini na mmoja.

Cheka, lakini mila ni mila. Kadzo ni mavyaa yangu, mama mkwe. Nikimwona njiani, naingia vichakani apite. Mkono simpi. Macho simkazii. Viazi vyake nikivitamani, namtuma mtu.

Jumapili baada ya ibada tukakutana uani kwake. Lynn akaketi mkekani karibu na mama yake, kompyuta mapajani. Kaingu akakaa katikati. Mimi nikakaa kwenye kigoda pembeni, nimeugeukia ukuta wa jikoni.

"Shikamoo, mavyaa," nikauambia ukuta.

"Marahaba, mkwe wangu. Hujambo?"

"Sijambo, mavyaa."

"Mwanangu amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu."

"Wewe umemkosea nini?"

"Sijui, mavyaa."

"Hajui," Kadzo akasema, na kwa sauti ile nilijua ameshaanza kufurahi. "Wanaume wakisema hawajui, chemsha maji ya chai, kikao kitakuwa kirefu."

Lynn akaeleza yote. Njia ya kwanza, njia ya pili, Ohio, mwezi wa nane. Kadzo akasikiliza bila kumkatiza.

"Hiyo ya pamoja, mwanangu. Hebu isome tuisikie. Mume wako ameandikwa ana nini?"

Lynn akavaa miwani, akasoma.

"Sanga. Vyumba viwili Dabaso. Vyumba kumi Malindi mjini, vya kupangisha. Mashua tatu za kutembeza watalii. Shamba la minazi Ngomeni, ukisimama mwanzo huoni mwisho. Mapato nimekadiria."

Kuku akapita. Nikamsikia anavyokanyaga.

Ndugu zangu, Malindi sina hata tofali. Ngomeni nilikwenda mara moja, kwenye mazishi. Nikageuza jicho upande wa Kaingu. Kaingu alikuwa anakagua makuti ya paa la jikoni, kwa makini sana.

Hapo nikaelewa.

Siku ya posa, mimi sikuwepo. Bwana harusi haendi. Aliyesimama mbele ya wakwe kunisifu ni Kaingu, na kazi ya mshenga ni kusifu. Alimwaga sifa mpaka pombe ya mnazi ikaisha. Na Lynn alikuwa chumba cha pili, anasikia kila neno, na kwa sababu ni mwalimu, anaandika.

"Lakini mama," Kaingu akajaribu, akimgeukia Lynn, "miaka yote hii hukumuuliza mumeo?"

"Wewe ulisema mali ya mume haiulizwi, inangojewa. Nikangojea. Na kila Jumanne anakwenda Malindi. Nikajua anakwenda kuwatembelea wapangaji wake."

"Nakwenda darasa la kompyuta," nikauambia ukuta, lakini polepole, hakuna aliyesikia.

Sasa niambie, ungefanya nini wewe?

Nikisema ni uongo, nimesema mbele ya mavyaa kwamba binti yake nilimpata kwa uongo. Kwetu hilo si mzaha. Mshenga akishasema, bwana harusi hamkanushi. Unakufa na siri hiyo.

Nikinyamaza, mke anapanda ndege.

"Kama ni sawa hivi," Lynn akasema, "basi hakuna la kufanya. Nitatafuta tiketi wiki hii."

Nikasikia kompyuta inafungwa.

Mimi ni mtu niliyejisomesha usiku nikiwa na wajukuu, nimevaa shati la pasi maisha yangu yote ili mtu asinione nimepungukiwa. Siku ile, kwa mara ya kwanza, nilitamani kuwa maskini hadharani.

Nikageuza kigoda.

Nikamtazama mavyaa usoni. Kaingu akashika kichwa.

"Mavyaa, naomba radhi. Malindi sina chumba. Ngomeni sina mnazi. Mashua niliyo nayo ni beseni la kufulia. Nina vyumba viwili vile mnavyoviona, na mwanao. Basi."

Kadzo akanitazama. Akamtazama Kaingu. Akanitazama tena.

Halafu akaangua kicheko. Kicheko cha mwili mzima, kanga ikamdondoka begani, akaushika mkeka asianguke.

"Mkwe! Kwani wewe ulidhani tulimwamini huyu Kaingu?"

"Mavyaa?"

"Mshenga akisema kumi, sisi tunashika moja. Tangu bibi zetu! Siku ile alipofika kwenye mashua ya pili mimi nilishainuka kwenda kugeuza viazi vyangu."

"Sasa mlitaka niseme nini?" Kaingu akalipuka. "Bwana harusi ni mzee, ana vyumba viwili na goti bovu? Mngetoa mtoto?"

"Na sisi je, si tulisema bibi harusi anasonga sima ya watu ishirini na kuchota maji kisimani bila kutua?"

Lynn akainua kichwa. "Mlisema hivyo kunihusu mimi?"

"Tulisema, mwanangu. Mumeo aliwahi kuidai hiyo sima?"

"Hajawahi."

"Umeona? Aligawanya kwa kumi. Ana adabu."

Wote wakacheka. Mimi mwenyewe nikacheka, kwa woga.

Lynn hakucheka. Alikuwa amevua miwani.

"Mimi," akasema taratibu, "sikuambiwa kugawanya."

Akanigeukia.

"Sanga, kuna jambo hujui. Kulikuwa na njia ya tatu. Mtu aliyeolewa na mgeni, na mgeni huyo hajaingizwa kwenye hesabu, na tena anabeba gharama za makazi ya mzazi wake, sheria yetu inamruhusu ahesabiwe kama asiye na mume. Mama yangu wa kunizaa, kule kwetu, nilikuwa namlipia nyumba ya wazee. Kwa hiyo nikaitumia hiyo."

"Lini?"

"Mwaka wa kwanza. Na wa pili. Utajiri wako ulikuwa mkubwa mno, nisingeweza kukuingiza. Mwaka huu mama amehamia kwa kaka yangu, yeye ndiye anayebeba gharama za makazi yake. Mlango huo umefungwa. Ndiyo maana nikakuuliza."

"Kwa hiyo miaka miwili, huko kwenu…"

"Nilijiandika kichwa cha nyumba, mtu asiye na mume."

"Na mimi?"

"Wewe hukuwepo."

"Mzee!" Kaingu akapiga paja. "Umekuwa mchumba miaka miwili na mahari ulishatoa!"

Unaona kazi ya sifa? Mimi ninayevaa shati la pasi, nilifutwa kwenye ndoa yangu mwenyewe, si kwa umaskini, bali kwa utajiri nisiokuwa nao.

"Na ilikuwa inaniuma," Lynn akaongeza. "Kila mwaka naandika sina mume, na wewe uko jikoni unaniimbia."

Mavyaa akajifuta macho na ncha ya kanga. Sijui kama lilikuwa chozi la kicheko.

"Fungua hiyo kompyuta, mwanangu. Andika ukweli. Vyumba viwili. Na cha pili kinavuja, muulize."

"Kinavuja, mavyaa."

"Mvua ikinyesha anapata mgeni?"

"Hapati."

"Andika, mwanangu. Anapata jua likiwaka tu."

Lynn akafuta vyumba kumi. Akafuta mashua. Akafuta minazi ya Ngomeni, na kwa kila alichofuta Kaingu aliguna kama mtu anayebomolewa nyumba. Akabonyeza, akasubiri.

Akajiziba mdomo.

"Nini?" nikauliza. "Imepanda?"

Akatikisa kichwa.

"Imeshuka?"

"Sanga," akasema, "siendi popote."

Nilisahau mavyaa yupo. Nikaenda nikapiga magoti mkekani, goti bovu na zima, nikamshika mke wangu mkono. Kadzo akageukia ukuta yeye. Kikao kizima heshima ilikuwa imepinduka.

Kabla sijatia sahihi, Lynn akanisomea sharti moja. Ukiingia njia hii ya pamoja, halafu siku moja ukaifuta kauli yako ukatoka, hurudi tena maisha, wewe na mwenzako.

"Hata kiapo cha kanisani hakikuwa kikali hivi," nikasema, nikatia sahihi.

Na miaka ile miwili? Lynn alisema muda wa kurekebisha ulikuwa haujapita. Akaziandika upya moja baada ya nyingine, na mimi ndani. Kwa hiyo msomaji wangu, mimi Lynn nimemuoa mara moja tu, lakini Marekani nilioanishwa kwa kurudi nyuma.

Nilichojifunza ni hiki. Kila watu wana maneno yao ya kuhesabiwa na maneno yao ya kuimbwa. Wa nyumbani tunayatofautisha bila kuambiwa. Ukioa mtu wa mbali, usimwachie abahatishe. Mkalishe, mweleze hili ni la kweli, na hili ni shangwe tu.

Na ukisikia unasifiwa, kabla hujavimba, uliza, "Mali gani?" Maneno mawili tu. Mimi yalinishinda nikiwa na taulo kiunoni.

Leo usiku, kabla hamjalala, muulize mwenzako anadhani una nini hasa.

Jibu ulipokee ukiwa umekaa.