Stendi za Mzee Simeon

Nyinyi watu mnanichosha. Unanunua spika za maana, unaziweka juu ya friji, halafu unalia husikii maneno ya filamu.

Mutuku ni fundi wa mbao hapo Gatina. Stendi ya spika anaikata ifike sikio lako ukiwa umeketi, kwa hivyo lazima akupime na kamba. Mzee Simeon, landlodi wa nyumba za kupangisha Riruta, alikuja kupimwa akaketi wima kama mtu anapigwa picha ya kitambulisho. Wiki moja baadaye alikuwa anaambia Riruta yote Mutuku ni fundi feki, eti spika zinaongea juu ya kichwa chake.

Mutuku akabeba msumeno na kamba akaenda kwa mzee kuokoa jina. Kuona kamba tu, mzee akajinyoosha tena.

"Mzee, wacha tuangalie filamu kwanza," Mutuku akasema.

Baada ya dakika kumi Simeon alikuwa amezama kwa sofa, kidevu kwa kifua. Mutuku akampima polepole, akakata stendi zote mbili inchi nane.

"Sasa nasikia," mzee akasema. "Si nilikuambia hizo mbao zako ndio zilikuwa na shida?"

Tafadhali, ukienda kupimwa kwa Mutuku, keti vile unaketi kwako.