Bitana ya Fundi Polepole

Wifi yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Polepole. Jina halimsumbui. Kwa sketi za shule zenye marinda hakuna anayemfikia, ila ana mtindo wake: anakanyaga cherehani kidogo, anapumzika, anakanyaga tena. Wateja wenye haraka zao huenda kwa mafundi wengine, halafu hurudi na sketi zilizofumuka. "Karibuni tena," huwaambia, meno yote nje.

Anaishi na binti yake, anayesoma sekondari, na mama yake, ambaye ndiye mama mkwe wangu. Huyu mama mkwe anaitwa Bi Goigoi. Jina alipewa na wakwe zake, ujanani, kwa sababu akichota ndoo moja ya maji lazima aketi njiani. Walimvumilia, walimsema, mwisho wakamrudisha kwao na watoto wake wawili: wifi yangu na mume wangu. Tangu hapo hajawahi kulala mchana mbele za watu. Husinzia kitini, ufagio mkononi. Ukimgusa bega anashtuka. "Nilikuwa nafagia," anasema, na sakafu yenyewe haijaguswa tangu asubuhi.

Sasa yakamfika mjukuu. Mbio za shule anabaki nyuma mpaka wenzake wanamaliza na kunywa maji. Darasani kope zinamwangukia. Mwalimu wa michezo akamwadhibu kwa kumwongezea mbio, na mkuu wa shule akasema asipojirekebisha muhula huu, ujao asirudi. Mume wangu, mjomba mtu, akaunga mkono kabisa. "Shule ya nini kwa mtu anayelala? Akae nyumbani amsaidie bibi yake kusinzia."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," nikamwambia. Akaniuliza nani ameniuliza.

Lakini lililomchoma wifi si la mjomba. Ni la binti mwenyewe. Jioni hiyo alimwambia mama yake, taratibu tu, kama mtu aliyekwisha kukubali: "Mama, labda kweli mimi ni mvivu."

Wifi akafunika cherehani. Kesho yake tulikuwa hospitali, mimi nimebeba mkoba, maana hao wawili ngazi peke yake zilikuwa zinawatosha.

Walimpima damu, wakamkata kipande kidogo cha msuli pajani, wakatuambia tusubiri majibu. Siku tuliyoitwa, daktari, dada mchangamfu mwenye miwani, alitugeuzia kompyuta. Akaeleza kwamba mwili umejengwa kwa seli, ndogo mno hata jicho halizioni, na kila seli nayo ina viungo vyake ndani, vinaitwa oganeli. Kiini kinatunza maelekezo, ribosomu zinatengeneza protini, lisosomu zinasaga taka.

"Na hizi," akasema, "ni mitokondria. Hapa ndipo chakula na hewa vinageuzwa kuwa nguvu. Kila moja ina ngozi mbili. Ya nje laini, ya ndani imekunjwakunjwa."

Wifi akasogeza kiti. "Kama bitana, kitambaa cha ndani ya nguo!"

"Kama bitana."

"Na imekunjwa kwa nini? Ngoja, dokta, usiniambie." Macho yamemtoka. "Ili kitambaa kingi kikae mahali padogo!"

Daktari akacheka, akapiga meza. "Ndiyo hasa! Nguvu inatengenezwa kwenye hiyo ngozi ya ndani. Mikunjo ikiwa mingi, nguvu nyingi." Kisha akafungua picha nyingine. "Hizi ni za binti yako."

Hata mimi nisiyejua kutunga sindano niliona. Nyingine zimevimba, mikunjo ya kuhesabu. Nyingine mikunjo imejisokota ovyo.

"Hii imeshonwa na nani?" wifi akauliza kwa hasira, kama vile mtu kamletea kazi mbovu ya fundi mwingine.

"Hajakosea mtu, mama. Ni ugonjwa. Mwanao akibeba ndoo moja, misuli yake imehangaika kuliko ya mwenzake aliyebeba tatu."

Binti akainua uso. "Kwa hiyo mimi si mvivu?"

"Wewe? Wewe unajitahidi kuliko darasa zima."

Mtoto akaangua kilio, mama yake akamkumbatia, na mimi nikapiga ukelele wa furaha mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Jamani, nani anafurahia ugonjwa? Sisi tulifurahia. Daktari hakutudanganya: tiba ya kuuondoa haijapatikana. Ila atapumzika, asikae na njaa, mazoezi yawe ya kipimo, moyo na macho vikaguliwe mara kwa mara, na dawa zisinunuliwe ovyo. Barua ya shule akaandika palepale.

Halafu akauliza, "Mama, na wewe unachoka? Aina hii mtu anairithi kwa mama yake. Mitokondria za baba hazipiti kwa mtoto."

Wifi akaitazama miguu yake, ile inayokanyaga kidogo na kupumzika. "Mimi naitwa Polepole," akasema. "Na mama yangu aliachika kwa sababu ya kuketi njiani na ndoo."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mleteni nimpime. Lakini kwa unavyonieleza, mama, ni hii hii."

Sijawahi kumwona wifi akiharakia kitu, ila siku hiyo tulifika nyumbani akanyoosha mkono kwenye vipande vya sketi kabla hajavua viatu. Alitaka mama yake ashike kitu kwa mikono, maana maneno bibi yule ameshaambiwa mengi. Akashona, akapumzika, akashona. Mazoea yana tabu: mikunjo akaiweka nje.

"Mama, hiyo sketi!" binti akacheka mpaka akashika mbavu. "Mikunjo inakaa ndani!"

Akafumua, akaanza upya. Zikatoka mitokondria mbili, mfano wa viazi vya kitambaa, kila moja ina uwazi wa kupitisha mkono. Moja bitana yake imejaa mikunjo. Nyingine bitana imelegea.

Tulimkuta Bi Goigoi chumbani kwake, kitini, kidevu kifuani. Akashtuka. "Nilikuwa nafagia."

"Tunajua, mama. Ingiza mkono hapa. Hii ni ya mtu asiye na ugonjwa." Kisha ile nyingine. "Na hii ni yetu. Yangu, ya mjukuu wako, na daktari anasema ni yako pia."

Akamweleza yote. Bibi mkono ulikuwa bado ndani ya kile kitambaa kilicholegea, anapapasa.

"Ndoo moja ni sawa na tatu?"

"Zaidi, mama."

"Basi nimebeba maji mengi maishani mwangu." Akafikiri. "Wale wakwe zangu wako wapi siku hizi?"

"Walishakufa, mama."

"Wote?"

"Wote."

"Hasara. Ningependa wasikie."

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yetu, na sikujua ameingia saa ngapi. Akasafisha koo. "Mtoto anarudi shule. Barua naipeleka mimi mwenyewe." Kisha kwa sauti ndogo, "Na mimi si nimezaliwa na mama huyuhuyu? Huenda nami ninayo. Ndiyo maana nikishakula nalala."

"Wewe nimekupima kwa macho yangu miaka yote," nikamwambia. "Wewe ni mzima."

Bi Goigoi hakutusikia. Alinyanyuka, akamtazama mwanawe kutoka juu mpaka chini, akampa ufagio.

"Shika. Mimi naenda kulala."

Akajinyoosha kitandani, mchana kweupe, mlango wazi, mikono mitupu. Wapita njia walimwona na yeye aliwaona, wala hakujisingizia kazi. Usingizi ukamchukua mara moja. Mume wangu akabaki amesimama katikati ya chumba na ufagio wake, hajui aende wapi. Nikamwambia afagie.