Kijiti cha Dobi

Mtaa mzima ulijua kwamba dobi ana kinyaa, na wateja walimcheka kwa hilo. Mtu anakula kwa jasho la nguo chafu za wenzake, lakini hajawahi kugusa hata moja kabla haijalowekwa. Soksi, shuka, nepi, vyote alivinyanyua kwa ncha ya kijiti kirefu, uso kaukunja, akavitumbukiza kwenye pipa la sabuni. Vikishalowa ndipo alipovifua, na hapo hakuwa na mpinzani.

Mkewe alipopooza upande mmoja, kazi ya kumsafisha ilimwangukia dada yake, aliyekuja kukaa nao. Dobi alimpikia, alimlisha, alimletea umbea wote wa wateja. Lakini shuka likichafuka tu, utamkuta uani, anatafuta nyundo ambayo haijapotea.

Huko uani binti yao alikuwa ametundika sanduku dogo la mbao la ndege kutagia, lenye kamera ndani, picha ikaonekana kwenye televisheni ya chumbani, mama apate cha kutazama. Shomoro wakahamia. Vifaranga wakaanguliwa hawana nyoya hata moja, wekundu, ngozi nyembamba mpaka utumbo unaonekana. Dobi alitazama mara moja, chai ikamshinda.

"Zima uchafu huo," alisema.

Mkewe alikataa. Ulimi ulikuwa mzito, lakini kukataa bado aliweza.

Na kulikuwa na baya zaidi. Kifaranga akishameza mdudu, aligeuka, akainua makalio, akatoa kifuko cheupe chenye utelezi. Baba shomoro alikidaka kwa mdomo ule ule wa kulishia, akaruka nacho nje. Mara nyingine alikimeza kabisa. Dobi alitoka chumbani kaziba mdomo, akatema mate mpaka koo likakauka.

Kisha shemeji yake akamwita jikoni. "Shemeji, mwanangu kajifungua, kesho narudi kwangu. Dada hataki kuguswa na mtu baki, umemsikia mwenyewe. Basi jifunze wewe. Ukishindwa, nakwenda naye."

Nyumba hiyo bila mkewe, dobi hakuweza hata kuifikiria.

Shuka lilichafuka kabla ya mchana. Shemeji akaketi barazani, kakaza uso, hainuki. Dobi akaingia chumbani, na kijiti mkononi. Ndiyo, kijiti. Aliinua pindo la shuka kwa ncha yake, kichwa kakigeuzia ukutani.

"Mimi nguo ya mteja?" mkewe aliuliza polepole. Machozi yalikuwa yameshamfika masikioni.

Kwenye televisheni baba shomoro alikuwa anaondoka tena na mzigo wake mdomoni. Mkewe akamwelekezea kwa mkono ulio mzima.

"Mwone mwenzio. Hana hata kijiti."

Dobi aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Akatupa kijiti dirishani, akakunja mikono ya shati, akatia mikono mitupu. Kilikuwa kinyaa kile kile, hakikupungua hata chembe. Vuguvugu lile lilimganda kwenye vidole. Alikimbilia ndoo, akatapika, akasukutua, akarudi. Harufu ikamtoa machozi. Akarudi ndooni, akarudi kitandani.

"Unanuka," alisema, akisuuza kitambaa.

"Najua. Mbona hutoki?"

"Geuka kidogo," dobi alisema. "Sijamaliza."